Nondo wa Nta: Majibu kwa Wafugaji wa Nyuki wa Tabora na Kigoma

Barua nyingi tulizopokea kutoka Tabora na Kigoma tangu mavuno ya asali yamalizike zinamzungumzia mdudu mmoja, nondo wa nta. Kwa sababu hiyo ukurasa wetu wa maswali na majibu tumeutenga safari hii kwa ajili yake peke yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfugaji wa nyuki katika Wilaya ya Sikonge. Nina mizinga ya magome niliyorithi kwa baba yangu na mizinga michache ya mbao, yote nimeitundika ndani ya msitu wa miombo. Nilipokwenda kurina asali nilikuta baadhi ya mizinga haina nyuki hata mmoja. Masega yalikuwa yamegeuka unga mweusi uliofumwa kwa nyuzi nyeupe, na ndani yake walijaa viwavi wanene. Wazee wanasema nondo ndiye anayewafukuza nyuki. Naomba kujua mdudu huyu ni nani, anatoka wapi katika pori ambalo halina mizinga ya mtu mwingine karibu, na kama kweli ndiye aliyenimalizia nyuki wangu.
Mfugaji, Sikonge

JIBU: Pole kwa hasara, ndugu yetu. Nianze na lile linalokuuma zaidi. Nondo wa nta hawaliwezi kundi la nyuki lenye nguvu. Huingia na kustawi katika mzinga ambao nyuki wake wamekwisha kupungua, wamepoteza malkia, wamedhoofika kwa njaa au wamekwisha kuhama. Mfugaji anayefika mwishoni huwaona viwavi kwa sababu ndio waliobaki, na lawama yote huwaangukia wao. Wazee hawajakosea kabisa, kwa kuwa kundi dhaifu lililovamiwa sana huweza kuyaacha masega na kuondoka, na nyuki wetu wa Afrika ni wepesi wa kuhama kuliko wale wa Ulaya. Lakini hata hapo udhaifu ndio uliotangulia. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu mfugaji anayeamini kwamba adui wake ni nondo peke yake atamaliza nguvu na fedha katika kuua nondo, huku kile kilichowadhoofisha nyuki kikiendelea na kazi yake.

Sasa tumtambue mdudu mwenyewe. Nondo wa nta wako wa aina mbili, na wote wawili wanapatikana Afrika Mashariki. Mkubwa huitwa kwa jina la kisayansi Galleria mellonella, na mdogo huitwa Achroia grisella. Mkubwa ana urefu wa milimita 15 hivi na rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, kiasi kwamba akitua juu ya gome la mti huku amekunja mabawa yake juu ya mgongo, jicho humpita bila kumwona. Mdogo ni mwembamba zaidi, ana rangi ya fedha iliyofifia na kichwa cha njano, na akisumbuliwa hupenda kukimbia kwa miguu kuliko kuruka. Viwavi wao pia hutofautiana. Kiwavi wa nondo mkubwa hufikia milimita 25 hadi 28, huwa na rangi ya kijivu akikomaa, na hukaa na wenzake kwa wingi. Kiwavi wa nondo mdogo hazidi milimita 20, ni mweupe mwenye kichwa cha kahawia, na kwa kawaida kila mmoja hujichimbia njia yake peke yake, mara nyingi katika takataka zilizo sakafuni mwa mzinga. Wakikutana katika sega moja, mkubwa humshinda mdogo. Kwa maelezo uliyoyatoa, hao uliowakuta ni viwavi wa nondo mkubwa.

Maisha yake huanza gizani. Baada ya jua kuzama, jike aliyekwisha kupandwa huutafuta mzinga na kujipenyeza ndani wakati walinzi wa mlangoni wamepungua. Akishindwa kuingia hutaga nje, katika ufa wa ubao au chini ya gome lililobanduka. Nondo mkubwa hutaga mayai 300 hadi 600 kwa kawaida, nondo mdogo 250 hadi 300. Mayai ni madogo mno, hutagwa kwa mafungu katika nyufa nyembamba ambazo mdomo wa nyuki haufiki, na ndiyo maana mzinga wa gome uliopasuka unampa nafasi nyingi kuliko mzinga wa mbao ulioungwa vizuri. Penye joto mayai ya nondo mkubwa huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5. Penye baridi huchukua muda mrefu zaidi.

Kiwavi anayetoka ana urefu usiozidi milimita 3, lakini ana mbio ambazo hungezitarajia kwa mdudu wa kiasi hicho. Hulikimbilia sega na kutoboa njia katikati yake, akifuma bomba la hariri nyuma yake linalomkinga nyuki wasimfikie. Watu wengi hudhani kwamba chakula chake ni nta tu. Ukweli ni kwamba nta safi peke yake haimwezeshi kukua vizuri. Anahitaji chavua, vifuko ambavyo majana, yaani watoto wa nyuki, huviacha ndani ya vyumba yanapokomaa, ngozi walizojivua, na uchafu mwingine unaorundikana katika sega la zamani. Kwa hiyo sega jeusi lililokwisha kulea vizazi vingi vya nyuki ni chakula bora kwake, na sega jipya jeupe ambalo halijawahi kuwekwa majana humvutia kidogo sana. Tafadhali likumbuke hili, kwa maana ndilo msingi wa karibu kila ushauri utakaofuata katika ukurasa huu.

Penye chakula kingi na joto la kutosha, uzito wa kiwavi mchanga unaweza kuongezeka maradufu kila siku katika siku 10 za kwanza. Viwavi wengi wakikusanyika hutoa joto lao wenyewe, nalo huwafanya wakue upesi hata usiku wa baridi wa mwezi wa Julai. Hatua hii ya kiwavi huchukua siku 28 hivi mambo yakiwa mazuri, na miezi hadi 6 yakiwa mabaya. Akishiba hutafuta mahali pagumu, kama vile ukuta wa mzinga au ubao wa juu, akachimba kishimo kirefu chembamba kwenye mti wenyewe na kujifungia humo ndani ya kifuko cha hariri nene. Vishimo hivyo unaweza kuvihisi kwa kidole katika mizinga iliyovamiwa mara nyingi, na katika mzinga wa gome huharakisha kuoza. Humo kiwavi hugeuka pupa, na baada ya wiki moja au zaidi, wakati mwingine wiki 9, hutoka nondo kamili. Katika joto la Septemba na Oktoba mkoani Tabora, safari yote kuanzia yai hadi nondo inaweza kukamilika kwa wiki sita au saba tu.

Umeuliza anatoka wapi katika pori lisilo na mizinga mingine. Anatoka porini humo humo. Katika miombo nyuki hawangojei mizinga yetu. Hukaa katika matundu ya miti mikubwa, katika vichuguu vilivyoachwa na mchwa na katika nyufa za mawe. Kila kundi linapohama au kufa huacha masega nyuma, na ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Nondo huyala masega hayo mpaka hubaki vumbi na nyuzi, ambazo sisimizi na wadudu wengine humalizia. Tundu likisafika, kundi jingine la nyuki linalotafuta makazi hulikuta wazi. Zaidi ya hayo, masega ya kundi lililokufa kwa ugonjwa huharibiwa kabla nyuki wengi hawajaja kupora asali iliyomo na kuubeba ugonjwa kwenda kwao. Kwa mtazamo wangu, msitu usio na nondo wa nta ungekuwa na matundu mengi yaliyozibwa na masega makuukuu, na nyuki wachache wa kuja kuingia katika mizinga yako. Naye ana wanaomla. Mlembe, yule ndege anayewaongoza watu hadi kwenye asali, hula nta pamoja na viwavi hawa, na wako nyigu wadogo sana wanaotaga mayai yao ndani ya mwili wa kiwavi akiwa hai.

Tuje basi kwenye yale yanayowadhoofisha nyuki wa Tabora, maana hapo ndipo dawa ilipo. Mti wa mtundu huchanua kabla ya mvua, na muva huchanua mvua zikielekea mwisho. Kati ya misimu hiyo kipo kipindi kirefu cha ukame ambacho maua na maji huwa haba. Mfugaji akirina asali yote bila kuwaachia nyuki akiba, akakata hata masega yenye majana, kundi huingia katika kipindi hicho likiwa tupu. Moto wa nyika unaowashwa ovyo kati ya Juni na Oktoba huteketeza maua yaliyo karibu na kuwafukuza nyuki kwa moshi. Siafu na nyegere wana sehemu yao. Na hatuwezi kukaa kimya kuhusu miti inayokatwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku, kwa kuwa kila eneo la miombo linaloondoka linaondoka na mbochi (maji matamu ya maua) na chavua ambavyo kundi lingevitegemea. Mzinga wa gome nao unatugharimu, kwani mti uliobanduliwa gome lote kuzunguka shina hufa. Namheshimu mzee aliyekuachia mizinga hiyo, lakini itakapochakaa nakushauri uibadilishe kwa mizinga ya mbao, ambayo nyufa zake unaweza kuziziba.

Unachoweza kufanya msimu huu ni hiki. Mizinga uliyoikuta tupu ishushe, itoe masega yote na utando wote, ikwangue mpaka kwenye vishimo vya kuta, uipitishie mwali wa moto ndani kwa uangalifu, kisha uipake nta mpya kidogo kabla ya kuitundika tena. Masega mabovu usiyatupe chini ya mti huo huo, kwa maana viwavi watamaliza kukua hapo na kurudi wakiwa na mabawa. Yachome au yafukie kwa kina. Katika mizinga yenye nyuki, wakati wa kurina ondoa kwanza masega meusi ya zamani yasiyo na majana, uwaachie nyuki asali ya kuwavusha kiangazi. Kundi dogo lisipewe mzinga mkubwa, kwa sababu masega ambayo nyuki hawayafuniki kwa miili yao hayalindwi na mtu.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Tabora mjini. Tumesoma kwamba wadudu wengi hupita hatua nne, lakini mwalimu alituambia nondo wa nta akiwa mkubwa hali kitu chochote. Inawezekanaje mdudu aishi bila kula? Na kwa nini huruka usiku wakati popo nao wako nje?
Mwanafunzi wa kidato cha pili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli. Nondo wa nta, mkubwa na mdogo, akishatoka katika kifuko chake ana mdomo usiofaa kulia chakula. Hutumia akiba aliyoiweka mwilini alipokuwa kiwavi, na ndiyo sababu hatua ya kiwavi ni ndefu na yenye ulafi. Akiba hiyo haidumu. Jike wa nondo mkubwa huishi siku 12 hivi na dume siku 21. Jike wa nondo mdogo huishi wiki moja tu au zaidi kidogo. Ndani ya muda huo mfupi kazi yao ni moja, kupandana na kutaga, na mwili wa jike hujaa mayai kiasi cha kumfanya mzito.

Swali lako la pili ni zuri kuliko unavyodhani, kwa kuwa limewashughulisha watafiti kwa miaka mingi. Ukimwuliza mfugaji atakwambia nondo huja usiku kwa sababu ya nyuki: mchana wangemkamata mlangoni na kumtoa nje au kumuua. Usiku huo huo unaomwepusha na nyuki unamkutanisha na popo, ambaye huwinda kwa kutoa sauti kali na kusikiliza mwangwi wake ukirudi kutoka kwa windo. Nondo amejibu kwa masikio. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, walitangaza kwamba nondo mkubwa wa nta husikia sauti zenye mitetemo hadi 300,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu kijana mwenye afya huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi, na hakuna popo anayejulikana ambaye sauti yake hufikia kiwango hicho cha nondo. Wakati utafiti huo unatolewa hapakuwa na mnyama mwingine aliyewahi kupimwa akasikia juu kiasi hicho. Sikio lenyewe liko tumboni, mahali tumbo linapoungana na kifua, nalo si zaidi ya ngozi nyembamba iliyounganishwa na mishipa michache ya fahamu.

Sauti anaitumia pia kwa mapenzi, hasa nondo mdogo. Dume lake hutua karibu na makazi ya nyuki, mara nyingi madume kadhaa pamoja, akapiga mabawa upesi bila kuruka. Kila bawa linapopanda na kushuka hukibonyeza kiungo kidogo kilicho kwenye shina lake, nacho hutoa mlio ambao sikio letu haliwezi kuupata. Jike huusikiliza na kumkimbilia yule ambaye mlio wake unampendeza. Kwa wadudu wengi wa jamii ya nondo jike ndiye hutoa harufu na dume ndiye humtafuta, kwa hiyo nondo wa nta wamegeuza utaratibu. Dume wa nondo mkubwa naye hutoa mlio, ila harufu yake ndiyo humvuta jike zaidi.

Ukipata nafasi, waombe walimu wakupeleke katika Chuo cha Ufugaji Nyuki kilichopo hapo hapo Tabora. Omba kuonyeshwa sega lililovamiwa, ulipasue kwa kisu polepole ufuate njia moja ya hariri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Utaona njia ikipanuka kadiri kiwavi alivyonenepa, na njiani utakuta vichwa vidogo vigumu alivyovivua kila alipobadili ngozi. Mambo uliyosomeshwa darasani kuhusu hatua za ukuaji utayasoma tena hapo, mara hii katika kitu kimoja.

SWALI: Mimi ni mfugaji wa Uvinza. Katika mzinga wangu nimekuta viwavi weupe, lakini hakuna nyuzi hata kidogo. Badala yake masega yanateleza na asali inavuja ikitoa harufu mbaya. Je, hawa ni nondo wadogo?

JIBU: Hapana. Hao ni viwavi wa mende mdogo wa mizinga, Aethina tumida, ambaye asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Mahali penye nondo lazima pawe na hariri. Penye utelezi na asali iliyochacha bila nyuzi, tafuta mende. Mtazame kiwavi kwa karibu: wa mende ana safu za miiba mgongoni na jozi tatu tu za miguu zilizo karibu na kichwa, ilhali wa nondo ana miguu hiyo pamoja na vikanyagio vingine laini chini ya tumbo. Kiwavi wa mende huteremka kumalizia ukuaji wake ardhini, kwa hiyo mzinga wako usafishe na uuhamishie mahali penye udongo mkavu na mgumu.

SWALI: Sisi ni kikundi cha kina mama wa Urambo tunaonunua masega yaliyokamuliwa asali ili tutengeneze nta. Tunayahifadhi katika magunia stoo mpaka yatoshe kuchemshwa. Kila mara tukifungua tunakuta viwavi na nyuzi, na nta inayopatikana ni kidogo. Tumeshauriwa kuweka vidonge vyeupe vya kabatini. Je, ni sahihi?
Mwenyekiti wa kikundi

JIBU: Mama Mwenyekiti, vidonge hivyo msiviweke. Vingi hutengenezwa kwa naftalini au kemikali nyingine za jamii hiyo, na nta ina tabia ya kuzinyonya kemikali za namna hiyo na kukaa nazo. Mkichemsha na kuchuja hamtaziondoa zote. Wanunuzi wa nta, hasa wa nje ya nchi, hupima mabaki ya kemikali, na mzigo mmoja ukikataliwa jina la kikundi huharibika pamoja na bei.

Kinachowaponza ni gunia na giza. Nondo hupenda mahali penye giza na pasipopita hewa, na stoo iliyojaa masega ya zamani yaliyorundikwa ni mahali ambapo hata nyuki mmoja wa kumzuia hayupo. Mayai mengi, tena, huwa yamekwisha kuwamo kabla hamjayanunua masega, hivyo hata gunia lililofungwa vizuri hujivamia lenyewe kutoka ndani. Dawa ya kwanza, na kwa kazi yenu ndiyo bora kuliko zote, ni kutosubiri. Masega yakifika yaosheni, yayeyusheni katika maji ya moto ndani ya siku chache, mchuje kwa kitambaa na kugandisha, hata kama ni sufuria moja tu. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, na hakuna yai wala kiwavi anayeweza kunusurika humo. Nta iliyokwisha kusafishwa na kugandishwa katika bonge haiwavutii viwavi, kwa sababu ile niliyoieleza katika jibu la kwanza: hakuna chavua wala vifuko vya majana ndani yake. Bonge la nta safi linaweza kungoja soko hata mwaka. Gunia la masega haliwezi kungoja mwezi.

Kuni zikiwa tatizo, na najua Urambo kuni zinagombewa, jua litawasaidia. Sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani na kufunikwa kioo, likiinamishwa kuelekea jua la kiangazi, hupata joto la kuyeyusha nta ambayo hutiririka hadi kwenye chombo kilichowekwa upande wa chini. Masega meusi sana huacha nta nyingi katika machicha kwa njia hii, hivyo machicha hayo yachemsheni mara moja baadaye. Mkimaliza, machicha yafukieni kwenye shimo la mboji. Yakibaki nyuma ya stoo yanalea nondo wa msimu ujao.

Yapo masega mnayotaka kuyatunza yakiwa mazima, kwa mfano masega mazuri ya kurudisha mizingani ili nyuki wasianze upya. Hayo yanahitaji uangalifu mwingine. Kama mna friza, masega yakikaa katika baridi ya nyuzijoto 15 chini ya sifuri kwa saa 2, au nyuzijoto 7 chini ya sifuri kwa saa 4 na nusu, mayai, viwavi na pupa hufa wote. Muda huo huhesabiwa tangu baridi ifike ndani kabisa ya sega. Yakitoka yafungeni yakiwa makavu katika chombo ambacho nondo hawezi kuingia. Bila friza, yatundikeni chini ya paa lililo wazi pande zote, yakiachana nafasi ya kupitisha mwanga na upepo, mkiyalinda na panya na mvua. Njia hii haiui mayai yaliyomo, ila nondo hukwepa kutaga mahali pa namna hiyo, nanyi mtawaona viwavi mapema kabla hawajaenea.

Joto nalo huua: nyuzijoto 49 kwa dakika 40 zinatosha kwa hatua zote za mdudu. Hata hivyo kwa masega mazima siipendekezi, kwa kuwa kwenye joto hilo sega hulegea na kupinda, na likizidi kidogo mtapoteza kila kitu.

SWALI: Je, asali iliyotoka katika sega lenye viwavi ina madhara kwa mlaji? Nauliza kutoka Nzega.

JIBU: Kiwavi wa nondo wa nta hana sumu. Katika nchi nyingi hufugwa makusudi kwa ajili ya chambo cha kuvulia samaki na chakula cha ndege, na maabara humtumia kuchunguza vimelea vya magonjwa ya binadamu kwa kuwa anaweza kuishi katika nyuzijoto 37 za mwili wetu. Lakini asali iliyochanganyika na kinyesi chake na nyuzi zake ni asali chafu, huvuta unyevu na kuchacha, na haifai kuuzwa. Sehemu za sega ambazo hazijaguswa na viwavi, zenye vifuniko vizima, zinaweza kukatwa na kukamuliwa peke yake.

SWALI: Nimesikia redioni kwamba viwavi hawa hula plastiki. Hapa Kasulu takataka za plastiki ni nyingi. Kwa nini tusiwafuge na kuwaachia katika majalala?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Habari uliyoisikia ina ukweli. Federica Bertocchini, mtafiti aliyekuwa akifanya kazi Uhispania na ambaye pia alikuwa akifuga nyuki, aliwatoa viwavi katika masega yake na kuwatia ndani ya mfuko wa plastiki. Baada ya muda akakuta mfuko umetobolewa na viwavi wametoka. Mwaka 2017 yeye na wenzake walitangaza kwamba viwavi 100 walipunguza plastiki kwa miligramu 92 katika saa 12 hivi. Wanasayansi wengine walihoji kama kiwavi kweli huimeng'enya plastiki au huisaga tu. Mwaka 2022 kundi hilo hilo la Bertocchini lilionyesha kwamba katika mate ya kiwavi vimo vimeng'enya vinavyoanza kuivunja plastiki ya aina ya polietilini kwa saa chache tu, katika joto la kawaida la chumba. Faida inayotafutwa sasa ni kuvitengeneza vimeng'enya hivyo kiwandani bila kumhitaji mdudu.

Kuwaachia viwavi jalalani ni jambo jingine, na nakuomba usilijaribu. Miligramu 92 ni chini ya sehemu moja ya kumi ya gramu, kwa hiyo jalala la Kasulu lingehitaji viwavi wasiohesabika. Kiwavi anayepewa plastiki tupu hanawiri. Ili wafikie idadi hiyo ungelazimika kuwalisha masega au nafaka zenye asali, chakula ambacho kina thamani kubwa kuliko plastiki utakayoiondoa. Wale watakaokomaa watapata mabawa na kwenda kutafuta masega, na Kasulu imezungukwa na misitu yenye mizinga ya watu, kuanzia huko hadi Kibondo na Kakonko. Ungekuwa umewafugia majirani zako hasara. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na usimamizi wa katazo hilo sokoni utapunguza takataka za Kasulu kwa kiwango ambacho kiwavi hawezi kukifikia. Viwavi utakaowakuta katika masega mabovu, walishe kuku siku hiyo hiyo, kabla hawajatambaa kutafuta nyufa za kujifungia.